Chumba cha Kuomba Ni Namba Nane

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi juu ya vigae vyeusi na vyeupe, mkono mmoja umekunjwa chini ya kifua. Karibu na kichwa, chungu cha maua kilikuwa kimepasuka, na udongo wake ulikuwa umenywa damu. Kamera ilikuwa bado shingoni kwa marehemu.

Inspekta aliizunguka maiti mara mbili, kisha mara ya tatu. Kituoni walimwita Kiguu na Njia, na hakuchukia. Miaka kumi na tisa ya upelelezi ilikuwa haijamfundisha kusimama mahali pamoja.

"Nani alimwona kwanza?"

"Mama wa usafi, Afande," alijibu koplo. "Saa kumi na mbili na dakika arobaini. Alikuwa anakuja kupiga deki."

Sasa ilikuwa saa moja na robo asubuhi. Walikuwa katika uwanja mdogo uliozungukwa na jengo la ghorofa nne pande zote. Kuta zilikuwa nyeupe, taa zilikuwa za rangi ya shaba, na ukuta wa nyuma ulikuwa umefunikwa kwa mbao nyembamba zilizotambaliwa na mimea. Hata yeye, aliyekuja kwa ajili ya kifo, alikiri moyoni kwamba palipendeza.

Daktari wa polisi alivua glavu. "Ameanguka kutoka juu kabisa. Shingo imevunjika. Mwili bado una joto, hajamaliza saa moja tangu akate roho."

Simu ya inspekta ilitetemeka mfukoni. Aliitoa akiendelea kutembea.

"Mama Pacha, nimepata!" Ilikuwa sauti ya mumewe.

"Sasa hivi siwezi."

"Dakika moja tu. Wiki nzima nimehangaika. Penye uzuri, bei inakata pumzi. Penye bei nafuu, godoro ni ubao. Leo nimepapata. Pazuri, bei ya kibinadamu, katikati ya mji. Naweka chumba cha siku mbili kuanzia leo mchana."

Likizo ya inspekta ilikuwa ianze saa sita. Mara tatu walikuwa wamepanga kukaa siku mbili mjini kama wageni, bila sufuria wala redio ya kituo, na mara tatu kazi ilikuwa imewavuruga.

"Panaitwaje?"

"Manyoya Meupe."

Inspekta aliinua macho. Juu ya mlango wa kuingilia, herufi za shaba zilisema: MANYOYA MEUPE.

"Usilipie," alisema.

"Kwa nini? Wamesifiwa sana!"

"Nimesimama ndani yake, Baba Pacha. Nina maiti miguuni."

"Basi," alisema mumewe kwa sauti ndogo, "nitatafuta kwingine."

*

Alipanda ngazi mbilimbili hadi paani. Koplo alimfuata akihema.

Paa lilikuwa bustani: viti vya kamba, meza ndogo, vyungu vya maua vimepangwa mstari. Maua yalikuwa yamemwagiliwa saa kumi na mbili kamili na mipira ya maji inayojifungua yenyewe, na sakafu ilikuwa na tope jepesi. Nyayo zilisomeka kama maandishi.

"Za aina mbili," alisema koplo. "Hizi kubwa zina soli ya ngozi. Ni za marehemu. Hizi ndogo zina mistari ya mpira."

"Fuata hizo ndogo."

Zilitoka ngazini sambamba na zile kubwa, polepole, kama watu wawili wanaozungumza. Zilifika ukutani na kusimama. Kisha zile ndogo peke yake zilirudi ngazini, hatua ndefu, vidole vimekanyaga kwa nguvu.

Inspekta alisimama kwenye ukuta. Ulimfika kiunoni.

"Mtu mzima hajikwai akauruka huu."

"Labda aliinama kupiga picha, Afande."

"Labda. Na mwenzake, baada ya kumwona anaanguka, mbona hakupiga kelele?"

Aliinama na kutazama chini. Aliona mbao, mimea, na chini kabisa shuka jeupe ambalo daktari alikuwa akilitandaza juu ya maiti. Hakuona kitu cha kumvutia mtu paani asubuhi namna ile. Hilo lilimkera. Alipiga vidole vyake juu ya ukuta mpaka koplo akasogea kando.

Waliposhuka na kupekua mifuko ya marehemu walikuta kitambulisho, kalamu, na vipande viwili vya gazeti vilivyobanwa kwa pini. Vyote viwili vilikuwa safu moja ya wasafiri, iitwayo Lala Vizuri kwa Bei Nzuri, na mwandishi alikuwa mmoja: marehemu mwenyewe. Wasomaji walimjua kwa jina la Mpima Mito, kwa kuwa kila hoteli aliyoisifu aliianzia kwenye mto wa kulalia.

Kipande cha kwanza kilikuwa cha miaka mitatu iliyopita, kikisifu hoteli iliyoitwa Vioo Saba. Cha pili kilikuwa cha mwezi uliopita, kikisifu Manyoya Meupe.

Mtu alikuwa amevisahihisha kwa wino mwekundu, kama daftari la mwanafunzi. Kwenye vyote viwili, maneno yale yale yalikuwa yamepigiwa mstari:

*Maji ya moto hufika kabla hujamaliza kuvua saa, na bafuni kioo kimechukua nafasi ya dirisha ili mwanga ucheze. Chumba cha kuomba ni namba nane.*

Neno kwa neno. Pembeni, mwandiko ulionyooka ulikuwa umeandika: *Umenakili.* Na chini yake: *Je, ulilala humo?*

Inspekta alivisoma mara mbili akizunguka uwanja.

"Tia kwenye mfuko wa vielelezo," alisema. "Halafu tukakione hicho chumba namba nane."

Ghorofa ya tatu walipita mlango wa sita, wa saba, wa tisa. Inspekta alirudi nyuma. Kati ya saba na tisa palikuwa na mlango usio na namba. Koplo alisukuma. Ndani kulikuwa na mashuka yaliyokunjwa mpaka darini na harufu ya sabuni.

*

Mpokezi alikuwa mwanamke mwenye macho mekundu. Alikuwa amepanga na kupangua funguo zile zile tangu polisi walipoingia.

"Mnamfahamu marehemu?"

"Kwa jina. Kwa sura, leo ndiyo mara ya kwanza."

"Mwezi uliopita alisifu mpaka mito yenu."

"Alituma barua akaomba picha, Afande. Bosi akamtumia. Ndiyo kazi yao siku hizi."

"Hakuwahi kulala hapa?"

"Hata kuketi hakuwahi."

"Na chumba namba nane?"

"Hatuna. Tangu niajiriwe ni stoo ya mashuka. Wageni wakikiomba nawapa tisa, kinafanana nacho."

"Leo alikuja saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na dakika kumi. Aliuliza njia ya paani. Nikamwambia apande tu."

"Alikuwa na mtu?"

"Peke yake. Alisema anasubiriwa."

"Na nani?"

"Hakusema. Alikuwa anacheka. Alisema kuna msomaji amemwahidi kitu ambacho hakuna mwandishi mwingine amekiona."

"Wageni mnao wangapi?"

"Ni mwanzo wa wiki, wengi waliondoka jana. Sita yuko mama mmoja, mwalimu mstaafu. Tisa wako mume na mke, walikuja jana kupumzika. Basi."

"Mwalimu huyo aliomba chumba gani?"

Mpokezi alifikiri. "Aliuliza kama kuna namba nane. Nilipomwambia ni stoo, alisimama hapo muda mrefu, halafu akasema chochote kilicho karibu nacho."

Saa mbili na nusu alifika mwenye hoteli, manukato yakimtangulia. Alikuwa mtu wa matabasamu mengi, kila moja fupi.

"Msiba mkubwa," alisema. "Msiba. Itachukua muda gani hii? Nina wageni wa saa saba."

"Ulikuwa wapi saa kumi na mbili na nusu?"

"Nyumbani. Mke wangu, mama mkwe wangu, na fundi wa televisheni watakwambia."

"Fundi wa televisheni alfajiri?"

"Mama mkwe haruki kipindi cha mazoezi."

Koplo alikohoa. Inspekta hakucheka.

"Hoteli hii ina umri gani?"

"Miaka miwili."

"Na jengo?"

"Jengo ni jengo, Afande."

"Liliwahi kuitwa Vioo Saba?"

Mwenye hoteli alirekebisha kifungo cha mkono wa shati. "Hayo ni ya kabla yangu."

"Lilikuwa la nani?"

"La kampuni."

"Ya nani?"

"Ya familia."

"Familia ya nani?"

Tabasamu liliisha. "Yangu."

"Kwa hiyo hoteli ni ile ile. Mlibadili jina na rangi. Kwa nini?"

"Biashara inahitaji sura mpya."

"Na namba nane ilihitaji nini?"

Alitazama saa yake ya mkononi. "Palitokea ajali. Mgeni alifariki bafuni. Polisi wenyewe walikuja, wakaandika ajali, faili likafungwa. Sasa kila mtu akifia hotelini tukaishi tunazungumza habari hizo, nani atakuja kulala?"

"Alifariki kwa nini?"

"Mimi si daktari, Afande."

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Inspekta alimwacha na koplo, akaenda kumtafuta mgeni wa chumba namba sita.

*

Mwalimu mstaafu alikuwa peke yake katika chumba cha kulia, meza ya pembeni, mgongo umenyooka kama yuko mbele ya darasa. Alikuwa na umri wa miaka sitini na kitu. Mbele yake kulikuwa na kikombe cha chai na orodha ya vyakula. Kwenye orodha hiyo, mahali palipochapwa *kifungua kinya*, herufi *w* iliyokosekana ilikuwa imechomekwa. Kwa wino mwekundu.

Inspekta aliona. Aliona pia miguu chini ya meza, ndani ya ndara nyeupe za kitambaa ambazo hoteli huwapa wageni wavae chumbani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

"Nitasimama."

"Hata darasani huwa kuna mmoja hivyo," alisema mwalimu. "Ukimkalisha anaugua."

"Umelala vyema?"

"Sikulala."

"Ulisikia chochote asubuhi?"

"Nilisikia mengi. Mji unaamka mapema."

"Ulitoka chumbani?"

"Nilitoka."

"Saa ngapi?"

"Mapema."

"Ulikwenda wapi?"

Mwalimu alikizungusha kikombe juu ya kisahani, hakunywa. "Unajua, nilifundisha miaka thelathini na nne. Mtoto akijibu neno moja moja, huwa najua swali linamkaribia."

"Viatu vyako viko wapi, Mwalimu?"

"Dirishani. Vinakauka."

"Mvua haijanyesha."

"Niliviosha."

Inspekta alishika mgongo wa kiti. Alikuwa na swali moja tu lililobaki, na mwalimu alikuwa amekwisha kuinua macho kulisubiri.

Mlango ulifunguliwa. Kijana wa miaka kama thelathini aliingia, shati limefungwa vifungo upandeupande. Alikwenda moja kwa moja kwa mpokezi aliyekuwa akipita na sinia.

"Dada, mna dawa ya maumivu ya kichwa? Mke wangu ameamka kichwa kinamgonga. Na mimi mwenyewe nikisimama naona kizunguzungu. Nimemwambia ajimwagie maji ya moto kwanza, labda atapata nafuu."

Kikombe kiligonga kisahani.

"Chumba gani?" aliuliza mwalimu.

Kijana aligeuka. "Tisa, mama."

"Maji yanapashwa na nini? Umeme au gesi?"

"Sijui. Kuna kisanduku ukutani, na moto mdogo wa buluu..."

Mwalimu alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Mtoeni!" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita watoto kutoka mwisho wa uwanja. "Mtoeni bafuni sasa hivi! Fungueni kila mlango!"

Alikuwa wa kwanza kufika ngazini. Ndara zilimtoka, akaziacha. Inspekta, aliyejivunia miguu yake kituo kizima, alimfikia ghorofa ya pili tu.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Wa bafuni ulikuwa umefungwa kwa ndani. Maji yalisikika yakimwagika. Mwalimu aliupiga kwa viganja vyote viwili.

"Mwanangu! Fungua! Mwanangu!"

Hakuna aliyejibu. Koplo alifika, akamsogeza mwalimu, akaupiga teke. Mara ya pili bawaba ziling'oka.

Msichana alikuwa amejikunja sakafuni, maji ya moto yakimwagikia bega. Ndani hakukuwa na harufu yoyote. Ukuta mzima wa nyuma ulikuwa kioo, na katika kioo hicho inspekta alijiona akiinama, akamwona mume wa msichana nyuma yake, mdomo wazi.

Walimbeba ndani ya shuka hadi kwenye ujia na kufungua madirisha yote. Daktari wa polisi alipanda mbio na mkoba wake. Mgonjwa alikuwa hai, moyo unakwenda mbio, pumzi fupifupi.

"Kaboni monoksidi," alisema daktari akimrekebishia kichwa. "Hewa chafu ya ule mtambo haina pa kutokea. Haina rangi, haina harufu. Dakika kumi zaidi, ningekuwa na maiti mbili leo. Zimeni hiyo gesi! Na iteni gari la wagonjwa lenye oksijeni!"

Mwenye hoteli alikuwa amesimama kwenye kona ya ngazi. Mwalimu alimwendea pekupeku.

"Uliapa," alimwambia. "Mbele ya hakimu wa uchunguzi uliapa umeiondoa mitambo yote ya gesi."

"Vyumba vya mbele tumebadilisha," alisema yule bwana, hamtazami mtu. "Vya nyuma vilikuwa kwenye mpango."

*

Gari la wagonjwa lilipofika, msichana alikuwa ameanza kufumbua macho. Inspekta alimchukua mwalimu hadi chumba namba sita. Dirishani, viatu vyeusi vya soli ya mpira vilikuwa vimeegemezwa kwenye kioo. Mistari ya soli ilikuwa ile ile.

"Mwalimu," alisema inspekta, "mgeni wa kawaida angemwambia yule kijana mkewe alale apumzike. Wewe uliuliza umeme au gesi."

"Ndiyo."

"Ungenyamaza, ningebaki na wino na viatu."

"Najua. Nilifundisha hesabu pia." Aliketi ukingoni mwa kitanda. "Uliza."

"Una haki ya kunyamaza. Utakachosema kitaandikwa, na kinaweza kutumika mahakamani."

"Andika."

Koplo alifungua daftari.

"Aliyekufia katika chumba namba nane ni nani?"

"Binti yangu. Wa pekee." Alisema bila kulia, kama mtu anayejibu jina la shule aliyosoma. "Alikuwa ameolewa siku tatu. Nilitaka kuwapa zawadi, siku mbili za mjini, mahali pazuri ambapo mstaafu anaweza kupamudu. Aliniambia, Mama, chagua wewe, una jicho. Nilichagua kwa wiki nzima. Nilichora jedwali la hoteli kumi na nne. Vioo Saba ikashinda, kwa sababu mtu mmoja aliandika kana kwamba ameoga humo, amekausha nywele humo. Akasema chumba cha kuomba ni namba nane. Nilipiga simu mwenyewe. Nikakiomba."

Inspekta alikuwa amesimama dirishani. Aliondoka dirishani, akaenda mlangoni, akarudi.

"Mkweo?"

"Alikuwa amelala kitandani akisubiri zamu yake ya kuoga. Yu hai. Hajanilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu."

"Ukagundua lini kwamba Manyoya Meupe ni pale pale?"

"Mwezi uliopita. Sikuwa natafuta hoteli, mwanangu. Huwa nasoma safu ya yule mwandishi kila wiki kama mtu anavyogusa kidonda. Nikakuta maneno yale. Kioo, maji, namba nane, na pembeni picha ya uwanja ule ule. Nikajua mambo mawili kwa pamoja: jengo ni lile, na mtu huyu hajawahi kukanyaga hapo. Binti yangu alikufa kwa maneno ya mtu aliyekuwa ametazama picha."

"Ukamwandikia."

"Mara tatu. Nilimwomba sentensi moja tu kwenye gazeti: *Sikulala humo.* Hakujibu. Mara ya nne nikamwambia nina kitu ambacho hakuna mwandishi mwingine amekiona. Akaja siku hiyo hiyo niliyomwambia."

"Paani kuna nini?"

"Ukiinama pale mwishoni, nyuma ya mimea, utaona mbao zimefunika midomo ya mabomba ya moshi. Hoteli ilipopambwa mara ya kwanza, waliyafunika yasiharibu picha. Niliyasoma kwenye ripoti ya uchunguzi mpaka nikayajua kwa moyo. La chumba cha nane bado lipo. Nilidhani yamebaki kama makovu tu, hayafanyi kazi. Nilitaka ayaone kwa macho yake."

"Akayaona?"

"Nilimpa vile vipande vya gazeti, akavisoma, akavitia mfukoni kama karatasi ya kufungia karanga. Nikamwonyesha mabomba. Nikamweleza binti yangu alikuwa nani. Aliinama, akatazama vizuri, akapiga hata picha moja." Kwa mara ya kwanza sauti yake iliyumba. "Halafu akasema, bado ameinama: 'Pole sana, mama. Lakini watu hawachagui bomba. Wanachagua picha.' Akacheka kidogo. Si kwa ubaya, nadhani. Ni kicheko cha mtu anayetaka kuondoka."

Koplo aliacha kuandika.

"Na wewe?"

"Nilimsukuma."

"Ulikuwa umepanga?"

"Nilikuwa nimepanga aandike sentensi moja. Mikono hii ilikuwa inaijua kazi nyingine, na mimi sikuijua." Aliitazama mikono hiyo mapajani. "Sitakudanganya nikasema niliteleza. Nilimsukuma kwa nguvu zangu zote, naye hakuwa mzito."

"Baada ya hapo ungeweza kuondoka. Kituo cha basi ni mtaa wa pili."

"Nilirudi chumbani nikaosha viatu. Nikachukua mkoba. Nikafika mlangoni." Alitikisa kichwa. "Binti yangu alipokufa walikuja askari wawili. Walikaa nusu saa. Mmoja alijaribu kama bomba la maji linatoka vizuri, akaandika *ajali*. Leo nilisimama pale mlangoni nikasikia mnavyoingia. Magari matatu. Daktari. Mtu wa kamera. Mtu wa kupima. Nikasema moyoni, ngoja. Hawa watapanda mpaka juu. Kwa yule wataangalia kila ukuta."

Chini, mtu alikuwa akiburuta kitu kizito juu ya vigae.

Inspekta alijikuta ameketi. Hakukumbuka alipoketi. Alikuwa ukingoni mwa kitanda, kando ya mwalimu, magoti yao karibu yagusane.

"Tutaliandika lote," alisema. "Na faili la namba nane nitalifungua mimi. Huyo bwana wa manukato hatalala nyumbani leo."

"Haitanipunguzia."

"Haitakupunguzia, Mwalimu. Umeua mtu."

"Najua, mwanangu," alisema mwalimu kwa upole. "Ndiyo maana nimekwambia andika."

*

Walimtoa saa tano kasorobo. Mitaani watu walikuwa wamejazana nyuma ya utepe, shingo zimerefuka. Mwenye hoteli alikuwa ameshapakiwa kwenye gari la kwanza na alikuwa akidai kuzungumza na mtu mkubwa. Koplo alimweleza kwamba mkubwa aliyekuwepo ni huyo mama anayetembeatembea.

Gari la wagonjwa lilikuwa halijaondoka. Msichana wa chumba namba tisa alikuwa ameketishwa mlangoni mwake, blanketi mabegani, kinyago cha oksijeni kimeshushwa shingoni. Alipomwona mwalimu akipita na pingu alimwuliza mumewe kitu. Mumewe alimjibu sikioni. Alishuka, miguu bado inatetemeka, akalikaribia gari la polisi.

"Mama," alisema kupitia dirishani. "Wameniambia ni wewe uliyepiga kelele."

Mwalimu alimtazama kwa muda, uso wote, kama anatafuta kosa asilipate.

"Kichwa kinauma bado?"

"Kidogo."

"Mama yako anajua ulipo?"

"Hajui. Tulimwambia tunakwenda mjini tu. Nitampigia baadaye, nisije nikamtisha."

"Mpigie sasa," alisema mwalimu. "Asisikie kwa mtu mwingine."

Dereva alikuwa amewasha injini. Kituoni walikuwa wameshapiga simu mara mbili kuuliza kulikoni. Inspekta alikuwa na mkono kwenye kishikio cha mlango, na desturi yake ilikuwa kuubamiza na kuondoka. Alimwashiria dereva azime.

Msichana alichukua simu ya mumewe, akabonyeza, akaiweka sauti juu kwa kuwa masikio yake yalikuwa bado yanavuma. Iliita mara tatu. Iliita mara nne. Kisha sauti ya mwanamke ilisikika, na nyuma yake vyombo vikigongana.

"Mwanangu? Mbona asubuhi hii, kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama," alisema msichana, akaanza kulia. "Nipo."

Ndani ya gari, mwalimu alifumba macho. Inspekta alingoja mpaka alipoyafumbua mwenyewe, ndipo akaufunga mlango.